Barabara ya Kulilia

Kule mtaa wa Kasha kuna avenue, barabara ya mtaani, inayopanuka ghafla mbele ya mlango wa Maman Colette, muuza kahawa, kisha inajibana tena. Hapo wamelaza gogo la kukalia. Na hapo ndipo, mwaka 1999, vita vikiwa vimerudi mara ya pili, turubai la vilio lilipokuwa likitandwa. Nyumba ni ndogo. Waliofiwa hulala barabarani, na majirani wote pamoja nao. Asubuhi moja Bibiane, mwanafunzi wa chuo, alifika kwa wanywa kahawa wa hapo amevimba kwa hasira. Shirika linalotaka kutengeneza avenue limechora barabara iliyonyooka, na pale papana pamekatwa viwanja. Mkutano wa kuikubali ni leo mchana.

— Barabara ya kunyooka iko muzuri! alisema Venant, aitwaye Ministre, yaani waziri, kwa ajili ya koti lake la suti. Tutafanana na watu.

— Kumbe leo hatufanane na watu, tonton? Bibiane alimuuliza, akimwita mjomba kwa heshima.

— Mutoto wa université, kunywa kahawa kwanza.

— Hamuelewe kitu, akaingilia Murhula, fundi viatu, ambaye kijiwe kilimwita Radio. Iko ya askari hiyo. Asimame huku, aone mupaka kule mwisho.

— Apana! Iko ya ndege, akasema Ministre. Itatua hapa, ipakie dhahabu, iende.

— Ndege mu mulango yangu? Maman Colette alishangaa, birika mkononi. Basi itanunua kahawa.

Wakacheka. Bibiane hakucheka.

— Papa yangu mwenye kunizaa tulimulilia hapa, munakumbuka? Na kilio yako, tonton, tutaiweka wapi? Mu mufereji?

Ministre akafunga vifungo vya koti.

— Unaniua mbele ya kahawa?

— Nakuuliza! Tukienda ku mukutano na mambo ya ndege, watatucheka. Tuseme moja tu: shiye watu wa hapa tunalia barabarani. Watuachie pa kulilia.

Mwishoni mwa gogo alikaa Maombi, mwanamke aliyekimbia vita kutoka Shabunda na kupokewa na Maman Colette. Ndiye aliyeuliza sasa.

— Bwana yangu alifia kule mu pori. Mwili yake sikuiona. Naye anaweza kuliliwa hapa?

Bibiane akainuka, akamshika Maombi mkono.

— Kuya twende, maman. Hiyo utaiuliza mbele ya ule mwenye kuchora barabara.

— Ngojeni, alisema Ministre, akivua koti. Radio, lete kamba. Tupime hapa pa kulilia kwanza, wasituambie hatujue tunaomba nini.

Kamba ikaletwa. Ncha moja wakampa Maombi, aishike pale turubai linapotandwa.