Kikosi cha Kusini Tulimaliza Kwanza

Mheshimiwa Meya wa jiji letu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkurugenzi wa Reli ya Jiji, Mhandisi wetu, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu mliovaa mashati ya kuazima, na mama yangu mzazi ambaye kutoka hapa simwoni ila najua ananisikia: nawasalimu nyote, na nawapongeza kwa bahati ya kumwona, tena bila kiingilio, fundi bora wa kuunga reli tangu chuma kianze kuyeyushwa.

Msicheke. Nimesimama hapa kwa niaba ya mafundi, na wenzangu walinichagua kwa kauli moja, ingawa wapo wanaodai walitaka tu kuniona nikitetemeka. Shule na mimi tuliachana mapema, kwa amani, kila mmoja akimtakia mwenzake heri. Lakini nawauliza, ndugu wageni: treni iliyoingia kituoni hapa asubuhi, ikiwa imetulia kama mtoto aliyeshiba, nani kati yenu aliisikia ikigonga popote? Hakuna. Kila mahali reli mbili zinapokutana upande huu wa Kusini, mimi, Cheche, nilikuwepo na moto wangu, nikaziunga mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa mbili.

Sasa nimsifu na mtu mwingine kidogo, msije mkasema nina majivuno. Mhandisi, dada yangu, simama wakuone. Huyu sisi tunamwita Rula. Kiungo kikishapoa, nikakisugua kwa grenda mpaka unajiona uso, yeye huja na rula yake ya chuma, huilaza juu ya reli, hupiga magoti kwenye kokoto na suruali yake safi, akachungulia. Mwanga ukipenya chini ya rula, anatoa chaki, anachora msalaba, anakwenda zake. Msalaba maana yake kata, anza upya. Pale kwenye kona ya duka la mikate alinichorea, nikarudia, akanichorea tena, nikarudia tena, mpaka muuza mikate akaanza kunionea huruma. Nilimchukia huyu dada kwa moyo wangu wote. Halafu siku moja akachungulia, akainuka, akajipangusa magoti, na chaki ikarudi mfukoni. Nimesifiwa mara nyingi maishani, mara nyingi na mimi mwenyewe, lakini sijawahi kupata sifa tamu kama ile.

Na Mheshimiwa Meya, usiudhike, abiria wa kwanza wa treni hii si wewe. Ni magunia ya mchanga. Siku ya majaribio tuliyapanga vitini na hata kwenye njia ya katikati, ili behewa lipate uzito wa watu, nami nikapanda nayo. Abiria wastaarabu kupita kiasi: hawasukumani, hawaongei na simu kwa kelele, hawaulizi nauli. Tulipoikaribia ile kona niliweka sakafuni chupa yangu ya maji. Haikuanguka. Nikawakumbatia abiria wangu wote.

Mnawaona jamaa wale wa safu ya nyuma wanaocheka chinichini? Hao ni Kikosi cha Kaskazini, waliojenga nusu ya pili ya njia hii. Walitutumia salamu kwamba watatungoja mwisho wa kazi wakiwa wamekaa, miguu juu. Kilichotokea mnakijua. Tulimaliza kwanza, uzio na kila kitu, tena tukamaliza kwa ustadi hadi vifaa vikabaki. Geti zima la chuma lilibaki stoo, bado limevaa nailoni, nasi tulilizunguka tukipigana mabega, tukiambizana kwamba sisi ni hodari mpaka vifaa vinatuzidi.

Lakini reli ni ya nani, ndugu zangu? Mama yangu ana magoti mabovu. Kufika kliniki ng'ambo ya jiji humpotezea siku nzima, na kurudi humrudisha kitandani. Nyumba yetu ni ile ya bati la bluu, hapo nyuma ya kituo. Nilimwahidi kwamba reli ikiisha, atatoka mlangoni na kuketi ndani ya treni kabla chai aliyoiacha mezani haijapoa. Akaniambia, "Wewe jenga, mwanangu. Mdomo sijawahi kuupanda."

Leo asubuhi alivaa viatu vyake vipya, akashika mkongojo, akaja na majirani zake hadi kwenye uzio. Akakuta uzio. Upande wetu wa ndani kuna njia ya mteremko, imesakafiwa vizuri, tena ina chuma cha kushikilia. Inashuka kwa madaha kuwalaki watu wa mtaa wetu, kisha inagonga uzio na kukomea hapo. Sisi mafundi tulizoea kuingilia kwa malori, kule barabara kuu, kwa hiyo hata mmoja wetu hakuwahi kuikanyaga. Nikamkimbilia Mhandisi. Akautazama mteremko, akautazama uzio, akaniuliza taratibu, "Cheche, lile geti lililobaki mlidhani ni la wapi?"

Wanaonifahamu hawataamini, lakini nilikwenda stoo nikaliomba lile geti radhi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Meya, reli yetu imenyooka na kona zake ni laini, na kilichoharibika ni hiki kimoja: katika kuwahi, Kikosi cha Kusini tuliufungia nje mtaa wetu wenyewe. Kuzunguka hadi barabara kuu magoti ya mama hayakukubali, ndiyo maana yuko nyuma ya uzio ule, kwenye kiti cha jirani, akinisikiliza kwa spika. Mhandisi hakunigombeza. Alitoa chaki, akauchora uzio msalaba. Na geti limeshatolewa stoo. Waliolibeba, kwa aibu yangu kubwa, ni Kikosi cha Kaskazini.

Naomba mkasi wako wa utepe usubiri kidogo, Mheshimiwa, kuna cha kukatwa kwanza. Nawashukuru nyote kwa masikio na subira yenu. Mama, sogeza kiti nyuma kidogo. Nawasha mashine.