Mwalimu Dishon Kyalo na Mfuko Ulioandikwa Chumvi

Wapendwa mliokuja kumsindikiza Mwalimu wetu, familia inawasomea maisha yake kama alivyotaka yasomwe, bila kupakwa sukari.

Dishon Kyalo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba za reli, Makupa, mtoto wa pili wa mzee Nicanor, fundi wa mabehewa, na mama Mwikali, akasoma shule ya msingi na ya upili hapa hapa kisiwani, akahitimu ualimu wa kemia mwaka 1992, na tangu hapo alisisitiza kuliko yote kwamba kila kampaundi ina jina lake na fomula yake, na asiyejua kuviandika hajui ameshika nini mkononi. Herufi moja ikikosewa ubaoni, alikunja uso kama aliyeonja shubiri.

Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na Naomi Kadenge, muuza leso wa Biashara Street, wakajaliwa Mwende na Levi.

Mwaka 2009 aliajiriwa na shule moja ya bweni ambayo hatutaitaja, maana jina lake lilimkera hadi mwisho. Mkurugenzi wake alinunua kemikali za bei rahisi, zikafika katika mifuko isiyo na lebo, akaziweka stoo moja na unga na maharagwe, na Mwalimu alipolalamika akajibiwa mbele ya wenzake, "Mwalimu, chumvi ni chumvi."

Tarehe 11 Juni 2019, Everlyne, mpishi wa shule, alichota unga mweupe kwenye mfuko ambao mtu alikuwa ameuandika CHUMVI kwa kalamu, akautia kwenye maharagwe ya mchana. Kabla ya alasiri watoto walikuwa wakitapika na kuharisha, wengine miguu imelegea hawawezi kusimama. Mwalimu alikimbilia stoo, akachoma chembe za unga ule motoni, mwali ukageuka kijani badala ya njano ya chumvi, akatambua ile kemikali aliyoomba mwenyewe inunuliwe kwa maabara, akampigia simu daktari aliyekuwa akiwapokea watoto hospitalini.

"Daktari, hii si NaCl, chumvi ya mezani. Ni BaCl₂, bariamu kloraidi. Wapeni salfeti iifunge sumu tumboni, tafadhali, sasa hivi!"

Watoto wote walipona.

Kesho yake Mkurugenzi alimletea taarifa iliyokwisha kuandikwa, kwamba Everlyne alipika maharagwe yaliyooza, akamtaka atie sahihi. Mwalimu aliisoma, akairudisha mezani kwa ncha za vidole kama mtu anayeondoa panya aliyekufa, akasema, "Mkurugenzi, unanitia kichefuchefu." Aliwaeleza wakaguzi ukweli, Everlyne akaondolewa lawama, yeye akafutwa kazi. Tangu siku hiyo alifundishia sebuleni kwake Bondeni, na kila alipopita karibu na lango la shule ile alivuka barabara, akatema mate.

Januari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akapigana nayo hadi alfajiri ya tarehe 2 Februari 2025, alipofariki, Naomi akiwa amemshika mkono.

Twawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bondeni waliotupikia na kukesha nasi, walimu wenzake na wanafunzi wake wote. Mkurugenzi yule ameleta shada la maua, akaomba aseme machache juu ya rafiki yake. Shada limerudishwa, na hatasema. Udongo wa kwanza utatiwa na Everlyne, ambaye ameketi hapa na familia.

Mwalimu Kyalo, mume, baba, umeyasema yote yaliyopaswa kusemwa. Pumzika sasa, kwa amani.