Wikio Lililopakwa Chokaa Nusu

Mimi nashona kofia, na kwa kuwa kofia moja hunichukua miezi, naketi kwenye baraza hii ya mtaa wa Langoni, Lamu, kutwa nzima na kusikia mengi kuliko yanifaayo. Mbali na mimi wako wanne wa kudumu. Kuna Amini, mwenye dele la kahawa na vikombe vyake. Kuna Bakr, tunayemwita Satelaiti, kwa sababu habari za kisiwa cha Kiwayu humfikia kabla watu wa Kiwayu wenyewe hawajazipata. Kuna Khatib, ambaye hapa jina lake ni Hakimu, aliyekwenda mahakamani mara moja tu maishani, kama shahidi, na hawakumwita. Na kuna Abdulwahid, ambaye ni Nanga, mtu akishashika neno haliachi. Juu ya vichwa vyetu limepita wikio, kile chumba kilichojengwa kukatiza njia, kutoka nyumba hadi nyumba, ili watu wa ukoo mmoja wavuke bila kushuka mtaani. Upande huu ni nyumba ya Nanga, upande ule ni ya dada yake, Bi Mardhiya. Nusu ya wikio ni nyeupe kwa chokaa, nusu imepiga weusi wa kuvu. Leo mchana punda wamemwaga mawe ya Manda chini yake, na baada ya sala ya Alasiri fundi anakuja kuliziba, nyumba mbili zisiwe na kupitana tena. Tangu mawe hayo yafike sijashona hata tundu moja.

HAKIMU: Nanga, hebu tuonyeshe tena hiyo picha.

NANGA: Nimeshaiona mimi. Mui mzima umeshaiona.

SATELAITI: Mimi ninayo. Nimetumiwa na watu kumi na moya, na mmoya wao yuko Maskati.

Akaitoa simu, tukainamiana wote juu yake kama kwamba ndiyo kwanza twaiona. Picha yenyewe ilipigwa na Ryan, kijana wa Nairobi aliyekaa nasi wiki mbili mwezi wa pili. Alikuwa akitafuta alichokiita mgongano. Kila kitu alitaka kukiona kikigombana na kingine, hata mawimbi na ukuta. Alhamisi maonyesho yake yalifunguliwa kwenye ukumbi mmoja huko mbele, karibu na gati. Ukutani ametundika nyati wa bara aliyenusurika na simba, pua imechanika. Ametundika mikoko imesimama mbele ya mitambo ya bandari mpya. Na katikati, kubwa kuliko zote, ni wikio letu. Upande mweupe kasimama kunguru, upande mweusi paka kajikunja tayari kuruka, na mpaka wa chokaa umepita kati yao sawasawa. Dirishani, upande mweusi, kuna mkono wa mwanamke umeshika ubao wa dirisha. Chini kaandika: Ndugu wawili wasiosemezana, Langoni.

HAKIMU: Mkono huo ndio ushahidi. Wafunga dirisha.

AMINI: Ama wafungua.

HAKIMU: Vidole vya kufungua havikai hivyo. Tizama dole gumba.

AMINI: Mwanamke kaona kunguru na paka wataka kupigana dirishani kwake. Wewe ungefanyaje, ungewaandikia barua?

NANGA: Amini, mimina kahawa.

Amini akamimina. Nanga hakuinywa. Alikuwa akiyatazama yale mawe na kugeuza kikombe kwenye kiganja, na mimi nilimwona wazi kwamba hana raha hata kidogo, lakini kumwambia mtu kama yeye kwamba hana raha ni kumwongezea fundi wa pili.

SATELAITI: Mimi nasema mkono huo watoa ishara. Kamera haipigi vivi hivi. Yule kijana alikuwa tini hapa, yeye yu yuu, wamepatana: nikinyosha mkono, piga.

NANGA: Ndiyo nisemayo. Alijua.

HAKIMU: Na aliyewapatanisha ni nani? Fikirini. Pale Ras Kitau kuna mtu ataka nyumba ya kale Langoni, aifanye ya wageni. Mtu kama huyo haiwezi nyumba ya ndugu wapendanao. Sharti awatenge kwanza. Alete picha, aitundike, ndugu waaibike, wazibe wikio, kisha aje kununua nyumba moja moja.

AMINI: Mtu huyo wamjua?

HAKIMU: Simjui. Ndiyo akili yake hiyo, kutojulikana.

SATELAITI: Mimi nina kubwa zaidi. Paka huyu si wa hapa.

AMINI: Paka?

SATELAITI: Mimi paka wa mtaa huu nawajua wote, nawajua na mama zao. Huyu kaletwa. Katiwa sandukuni Shela, kapandishwa boti, kawekwa pale juu.

HAKIMU: Na kunguru?

SATELAITI: Kafunzwa.

HAKIMU: Kunguru hafunziki.

SATELAITI: Wa Lamu hafunziki. Wa Nairobi je?

Hakimu akaanza kulipima hilo, na nilipomwona analipima kweli nikajua mchana huu hatutoki salama.

HAKIMU: Basi tuunganishe. Kuna nyati. Kuna bandari. Kuna wikio. Kwa nini tatu hizo, na kwa nini wikio katikati? Pigeni mstari kwenye ramani. Ni barabara. Wataka barabara itoke bara, ipite hapa. Na wikio liko tini mno, lori halipiti.

AMINI: Bwana Khatib, hapa punda wawili wakikutana mmoya arudi nyuma.

HAKIMU: Kwa sasa.

NANGA: Semeni mtakayo. Mimi wikio naliziba. Aliye upande wa pili ameshanifungia, na mimi namalizia.

Hapo sindano ilinichoma kidole, na nafikiri ndiyo iliyonifungua mdomo.

MIMI: Nanga, aliyemwambia Ryan kwamba hamsemezani ni mimi.

Hakuna aliyenitazama. Satelaiti aliizima simu, akaiwasha tena.

MIMI: Aliuliza mbona wikio ni jeupe nusu. Amini akamjibu kweli. Akamwambia fundi alipofika katikati aliacha, kwa kuwa Bi Mardhiya kafiwa na mumewe, yuko edani, na haifai fundi kupanda ngazi dirishani kwake. Basi. Hayo ndiyo yote. Kijana akasikitika. Akaanza kukunja kamera yake.

AMINI: Kweli. Alianza kuikunja.

MIMI: Na sisi tukaona haya. Mgeni kaja kutoka Nairobi, kanywa kahawa yetu siku tisa, aondoke mikono mitupu. Hakimu akasema ndani ya eda hiyo mna mambo. Satelaiti akasema kuna urithi. Na mimi nikasema ndugu hawa hawasemezani. Nilisema nikikaza uzi, wala sikuinua kichwa.

NANGA: Mwezi wa pili?

MIMI: Mwezi wa pili.

NANGA: Mwezi wa pili nilikuwa nikipita humo wikioni kila siku ya Mungu. Mikate ya asubuhi nikimpelekea mimi. Dawa ya miguu mimi. Twakaa mle ndani, twazungumza hadi Ishaa.

MIMI: Najua. Nilikuwa nikiwasikia, mkicheka.

Nilitaka anitukane. Ningepumua. Lakini Nanga alinitazama tu, na ikawa zamu yangu kuyatazama mawe. Uongo wetu tuliusema mwezi wa pili, na ulipofika mwezi wa sita ukawa kweli, na hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi tangu Alhamisi.

HAKIMU: Lakini kwa haki, kesi hii haikuanzia hapo. Nanga, wewe mwenyewe ulisema mwango wa wikioni ulifungwa.

NANGA: Ulifungwa. Eda ilipokwisha mimi nilikuwa Kiwayu, kwenye kazi ya paa la msikiti, masika yote ile. Niliporudi, nikishuka botini tu, naambiwa dada yako asema humtaki tena, eda imekwisha hukuja hata kumpa mkono.

AMINI: Nani alokwambia?

NANGA: Watu.

Satelaiti akajikuna shingo.

NANGA: Nikaenda wikioni na zawadi yangu mkononi. Nikausukuma mwango wa katikati. Haukufunguka. Nikasimama pale kama mwombaji. Zawadi nikairudisha chumbani, iko hadi leo. Sikuurudia.

AMINI: Na ndia ya tini? Mlango wa mtaani ungebisha.

NANGA: Nibishe mtaani, kwa dada yangu wa tumbo moya? Baba aliujenga mwango ule ili tusibishiane hodi. Akiufunga, ameshasema.

Msikiti ulikuwa karibu kuadhini. Nilikuwa nikihesabu vivuli, na naamini wenzangu pia. Fundi mwenyewe alitokea pembeni na ndoo na mwiko, akaketi juu ya mawe yake kungoja sala. Ni yule yule aliyepaka chokaa hadi katikati. Alitusalimu kwa kichwa. Kisha akaja Mwalimu Wafula. Huyu hajafundisha hapa hata wiki tatu. Ni wa fizikia, sekondari, kapanga chumba nyuma ya duka la unga. Kila alasiri huja kunywa vikombe viwili, na kila kitu akionacho huuliza chaitwaje.

WAFULA: Shikamoni, wazee.

SISI: Marahaba, Mwalimu. Karibu.

WAFULA: Haya mawe yote ni ya nini?

SATELAITI: Ya kuziba wikio hili.

WAFULA: Hii ya juu? Si ndio iko kwa ile picha? Wanafunzi wangu wote wako nayo kwa simu. Iko poa sana, lakini niliona kama ni chokaa iliisha.

Amini aligeuka akaanza kupangusa kikombe kilichokuwa kisafi. Hakimu akamweleza mwalimu kesi nzima, tangu eda hadi Kiwayu, na kwa kumpa haki yake niseme alieleza vizuri, bila paka na bila barabara. Wafula alisikiliza huku akiangalia juu, kwenye ule mpaka wa chokaa, kama mtu anayesoma ubao.

WAFULA: Pole, mzee. Kwa hivyo huko ndani kuna mlango.

NANGA: Katikati.

WAFULA: Na ulisukuma mara moja.

NANGA: Mara moya yatosha.

WAFULA: Sawa. Naomba tu kuelewa. Komeo liko upande wako ama upande wake?

Satelaiti alifungua mdomo kwanza, kwa mazoea. Ukabaki wazi. Akaichukua simu akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaikuza mpaka ikawa madoa matupu, akairudisha mfukoni. Hakimu alisema hilo ni swali la pembeni, halafu akasema si la pembeni, halafu akaomba kahawa. Mimi nimepita mle ndani mara moja tu, siku ya arusi ya Bi Mardhiya, nilikuwa nimebeba sinia la halua, sikutazama makomeo. Tukamgeukia Nanga sote.

Nanga alikuwa amenyosha mkono wa kulia mbele yake, hewani. Akauzungusha kana kwamba anashika kitu. Kisha akanyosha wa kushoto. Mtu wa miaka sitini na tatu, amezaliwa kwenye nyumba ile, akitafuta komeo la baba yake kwenye hewa ya mtaani, na halipati.

NANGA: Baba hakutia...

Hakumaliza. Akaweka kikombe chini, kahawa imo, akainuka.

FUNDI: Bwana Abdulwahid, nianze kukoroga?

NANGA: Ngoja.

Akaingia nyumbani kwake. Tulimsikia ngazini, na baada ya muda tukamsikia juu yetu, kwa maana kati ya sakafu ya wikio na vichwa vyetu hakuna kitu ila boriti na udongo. Hatua zikaja hadi katikati zikasimama. Msikitini wakaanza kuadhini, na Mungu atusamehe, hakuna aliyeinuka. Wafula aliuliza kwa sauti ndogo kama amekosea. Amini akamshika bega.

Adhana ikaisha. Juu mlango ukagongwa mara moja, kitu kizito kikajaribu kusogea kisisogee. Vumbi la chokaa likatuangukia, likaingia kwenye kahawa ya Hakimu. Na ndipo tukaisikia sauti ya Bi Mardhiya, ambayo mimi sikuwa nimeisikia tangu Nanga aende Kiwayu.

– Nani huyo?

– Ni mimi.

Fundi aliushikilia mwiko kifuani kwa mikono miwili.

– Sukuma na bega, Abdu. Mbao zimevimba tangu mvua. Mimi nimeusukuma kila siku, siuwezi peke yangu.