Mpelelezi Aliyemwacha Apande

Basi lilipotoka Rumonge, Zipora alibana bidoni ya mafuta ya mawese kwa miguu yake, akimsikiliza mama yake, Joanita, akibishana na mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, waliyekutana naye humo humo. Wote wawili walikuwa wamerudia kuangalia ule mchezo wa mpelelezi kwenye televisheni, pale anaposafiri kurudi nyuma hadi miaka ya vita na kumkuta msichana akikimbilia Tanzania kwa mtumbwi.

"Ule mupelelezi iko mujinga," alisema mchuuzi. "Anajua watu watachukua shamba ya ule musichana, na anamuacha apande mutumbwi. Nimeangalia mara mbili, mara zote amemuacha." Labda alitegemea mara ya pili mpelelezi amsikilize yeye.

"Mimi nilipanda ule mutumbwi," alisema Joanita. "Niliporudi, michikichi yangu ilikuwa imechukuliwa na wengine."

"Si unaona, mama?" alisema mchuuzi.

"Ningebaki, michikichi ningekuwa nayo. Na huyu niliyemuzaa kule kambini Tanzania, ningemutoa wapi?" Akaweka mkono kwenye goti la Zipora, ambaye nyumbani hakuwahi kusikia maneno hayo.

"Mungu angekupa mwingine."

"Mwingine sitaki. Asante, murakoze."

Mchuuzi hakukubali, akaanza upya. Basi lilikuwa limefika Minago, kituo chao. Zipora, anayeonaga haya hata kumwomba dereva asimame, alipaza sauti: "Tunashuka hapa, mimi na mama."