Mwalimu Mwanakuu na Barua ya Kidato cha Tatu

Tarehe 31 Desemba 1998, Mwalimu Mwanakuu Akil anastaafu baada ya kufundisha Jiografia katika shule hii kwa miaka thelathini. Alipoingia hapa Januari 1969, baadhi yetu walimu wenzake tulikuwa bado hatujaishika kalamu.

Ni mzaliwa wa mtaa wa Ndia Kuu. Mwaka wake wa kwanza shule haikuwa na tufe la dunia, akalinunua mwenyewe, akalifunga ndani ya leso, kanga yake, na kupita nalo soko la Marikiti. Hamali mmoja akamuuliza tikiti hilo limetoka wapi. Akamjibu, "Ni letu sote, baba, ila halikatwi."

Miaka hii ya tisini, neno utandawazi lilipoanza kuchomoza magazetini, yeye alikuwa keshaanza kulifundisha bila kulitaja. Mwalimu Mkuu, Bwana Jamaldin, alihofia kwamba somo lisilotahiniwa litakula muda wa marudio. Wakakubaliana lifundishwe Alhamisi jioni, aje apendaye. Viti havikutosha.

Mwaka 1995, nikiwa mwalimu mgeni, nilikwenda kumsikiliza. Alikuja na leso mpya kutoka Biashara Street, akawaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu ilikopitia: pamba, rangi, kiwanda cha Gujarati, meli, duka. Alifundisha kwa furaha, na mimi nikaandika kila neno.

Ndipo akasimama Kadzo Kingi. Baba yake alikuwa mpiga chapa wa nguo katika kiwanda cha hapa nchini kilichofungwa miezi michache nyuma.

"Mwalimu," aliuliza, "basi hawa ndio walochukua kazi ya baba?"

Mwalimu Mwanakuu aliikunja ile leso polepole.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Na ilinipasa nijiulize kabla ya kuja hapa. Natuwaulize wenyewe."

Mwenye duka aliwapa anwani ya kiwanda iliyoandikwa kwenye robota la leso, nao wakaandika kwa shule yoyote ya mji ule. Kadzo kwanza alikataa kuandika. Alipokubali, aliandika kwa uchungu mtupu. Bwana Jamaldin aliisoma barua ile akataka ilainishwe, kwa kuwa ilibeba jina la shule. Mwalimu Mwanakuu akamwomba aiache ilivyo, akatia sahihi yake chini ili lawama yoyote imfikie yeye.

Miezi saba ilipita kimya. Kadzo akasema alijua hawatajibu.

Barua ikaja, imeandikwa na msichana aitwaye Hansa, kwa Kiingereza cha shule kama chetu. Alisema anasikitika kwa yaliyompata baba yake Kadzo, na kwamba ami yake pia alirudishwa nyumbani mashine mpya ilipoletwa. Mama yake hukunja leso kiwandani kutwa nzima, na hajui maandishi ya leso hizo yanasema nini. Hansa alikuwa amenakili mstari mmoja, herufi kwa herufi, akiomba aelezwe maana yake: SEMENI MCHOKE SISI TUMESHIBANA.

Darasa zima liliangua kicheko. Kadzo naye alicheka, mara ya kwanza muhula ule, kisha akaomba aende na barua nyumbani.

Mzee Kingi, ambaye tangu kiwanda kufungwa hakutaka kusikia habari za nguo, aliisoma mara mbili, akauliza wenzake wa huko hutumia rangi gani. Alhamisi iliyofuata alikuja shuleni amevaa shati lililopigwa pasi, akawafundisha wanafunzi jinsi rangi inavyoshikishwa kwenye kitambaa, ili wamwandikie Hansa. Akaja tena na tena.

Kazi yake haikurudi. Leo anatengeneza vyerehani, na Kadzo yuko chuo kikuu. Yeye na Hansa wangali wanaandikiana. Hansa keshajifunza misemo ya leso mingi kuliko mimi. Tangu 1997 somo la Alhamisi limo katika ratiba rasmi, kwa pendekezo la Bwana Jamaldin mwenyewe, na matokeo ya Jiografia hayajashuka hata kidogo.

Hatusemi kwamba Mwalimu Mwanakuu hana kasoro. Madaftari akisahihisha yeye, huja na maelezo marefu kuliko insha zenyewe. Na mahamri yake ya Ijumaa yametuharibia mikanda wengi.

Shajara yake ya masomo amenikabidhi. Kiti chake katika chumba cha walimu bado hatujampa mtu. Januari tutampa, hapana budi, lakini kwa sasa tuvumilieni kidogo.

Bi Mwanakuu, ahsante kwa watoto wetu, na kwa sisi uliotulea nao. Magoti yako sasa yapumzike na ngazi zetu. Mungu akupe afya, umri mrefu na nyumba isiyokaukiwa na wageni.

Eddah Tsofa
Kwa niaba ya walimu wa Jiografia