Thobias Kobelo na Udongo Mwekundu wa Lugala (1937–1998)

Mzee Thobias Kobelo alizaliwa tarehe 12 Juni 1937 ng'ambo ya bonde hili, hapahapa Matombo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yohana Kobelo na Mama Rosa. Alibatizwa misheni kabla hajafikisha mwezi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alipoanza kutambaa alikula udongo, na si udongo wowote tu: wa chini ya mgomba aliutema, wa ukingoni mwa njia aliumeza. Watoto wote wa huku wamekula udongo. Yeye peke yake ndiye aliyekuja kulipwa mshahara kwa ajili yake.

Alianza shule ya misheni mwaka 1946, akaendelea na shule ya kati, na mwaka 1958 alichaguliwa kwenda kusomea kilimo. Alirudi mwishoni mwa 1959 akiwa na cheti, kaptura mbili za kaki, na tabia moja ambayo haikumtoka tena: hakuweza kupita mahali panapochimbwa bila kuchungulia. Fundi wa choo akimwona anakuja, alijua kazi imesimama. Marehemu angeshuka shimoni na viatu vyake vya kanisani, akachokonoa ukuta kwa kisu, akatoka na bonge mkononi akitabasamu kama aliyeokota kuku.

Januari 1960 aliajiriwa kuwa mpima udongo. Kwa miaka zaidi ya thelathini alizunguka kuanzia mbuga nyeusi za kwenye miwa, zinazopasuka kiangazi na kunasa matrekta masika, mpaka vilele vya Uluguru ambako ukungu hauombi ruhusa kuingia ndani. Katika udongo wote aliouona, aliupenda na kuuogopa huu wa kwetu. Wengi wenu mliopo hapa alishawaeleza, mkitaka msitake, lakini leo turudie kwa niaba yake.

Mawingu yanatoka baharini, yanakutana na milima yetu, yanashindwa kupanda, yanamwaga mzigo upande huu wa mashariki. Upande wa mjini wanabaki kutazama radi. Mvua hiyo ya miaka na miaka imeyaozesha mawe yakawa udongo, ikauosha udongo virutubisho vyake, ikauachia chuma, na chuma ndicho kinachoupa wekundu. Mgeni akiuona anasema hapa pana rutuba. Hapana. Chakula chote cha mmea kiko juu, kwenye tabaka jeusi la majani yaliyooza, unene wa shubiri moja tu. Chini yake kuna mfinyanzi mwekundu, mchachu, mrefu kuliko mtu, unaokunywa maji kimya kimya. Chini zaidi kuna jiwe lililooza, limejaa ulanga unaometameta, linateleza kama sabuni. Maji yakishuka mpaka pale yakakosa pa kwenda, yanakaa katikati. “Hapo,” alikuwa akisema, “kilima kinakuwa kimevaa kandambili kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji.” Kinachokishikilia ni mizizi ya miti. Ukiikata miti, kilima kinabaki kinaomba Mungu tu.

Mwaka 1967 alikuja Lugala, kitongoji chetu cha mteremkoni, kumposa Eufrazia. Wazee wakiwa bado wanazungushana maneno, yeye aliinama, akachota udongo wa uani, akautemea mate, akauviringisha viganjani mpaka ukawa kijiti chembamba, akakikunja kikawa duara bila kukatika. Ndivyo wapima udongo wanavyojua kama mfinyanzi umetosha. Mama mkwe wake, Bibi Magdalena, alikitazama kile kiduara.

“Baba, hiyo ndiyo pete uliyomletea mwanangu?”

“Hapana, mama. Hii nilikuwa napima uwanja wenu.”

“Umeuonaje?”

“Unashika vizuri, mama.”

“Basi na wewe mshike vizuri hivyohivyo.”

Walifunga ndoa takatifu tarehe 16 Septemba 1967 katika parokia hii, wakajaliwa watoto wanne.

Tarehe 30 Juni 1993 Mzee Thobias alipunguzwa kazi. Serikali ilikuwa inapunguza unene, na wapima udongo wakahesabiwa kuwa mafuta. Akarudi Lugala kwenye shamba la mkewe. Kwa faida ya waliotoka mbali: huku kwetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa mama. Mume analima kwa mkewe atakavyo. Apande mahindi, muhogo, maharage, vitu vinavyokuja na kuondoka. Mti hauondoki. Mwanaume akipanda mti kwenye ardhi ya wakwe amesema “hapa pangu,” hata kama hajafungua mdomo.

Na miaka hiyo ndiyo miaka ya biashara huria. Malori ya Dar yalikuwa yanapanda mpaka huku kufuata nanasi. Watu walifyeka miti, wakachoma vichaka, wakapanda nanasi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi hupita kwa adabu. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, kwa hiyo shamba likichoka unahamia juu zaidi na kiberiti chako. Marehemu alichimba shimo la kuonyesha watu tabaka za udongo, shubiri ile nyeusi ilivyobaki unene wa kidole. Watu wakaja wengi, wakachungulia, wakauliza rubi, yale mawe mekundu ya vito, iko wapi. Mitumba ilikuwa ruksa, redio za kaseti ruksa, kununua nanasi shambani ruksa. Kitu pekee ambacho hakikuwa ruksa Tanzania nzima ni mume wa Eufrazia kupanda mfenesi.

Maana alijaribu. Masika ya 1994 alipanda miche ya mifenesi na midalasini, mistari inayokata mteremko juu ya nyumba. Shemeji yake, Mzee Bartholomeo, kaka mkubwa wa Eufrazia na msimamizi wa ardhi ya ukoo, alikuja kuitazama. Mzee Bartholomeo yupo hapa, mstari wa mbele, na amekubali haya yasomwe.

“Shemeji, muhogo wako najua utang'olewa lini. Hiki kitang'olewa lini?”

“Hiki haking'olewi, shemeji. Ndiyo maana nimekipanda. Mizizi inashika udongo.”

“Udongo wa nani?”

“Wenu.”

“Basi tutaushika wenyewe.”

Jioni miche yote ilikutwa mlangoni pake, imepangwa kama samaki sokoni, mizizi imefungiwa majani ya mgomba isikauke. Wakwe zake walikuwa wastaarabu sana. Mwaka uliofuata alipanda tena, wakairudisha tena. Mwaka 1996 hivyohivyo, na safari hiyo waliimwagilia kabisa.

Ndipo Mama Eufrazia alipomwambia jambo ambalo lingeweza kusemwa tangu siku ya kwanza.

“Baba Shukuru, kwa nini usiniachie mimi jembe? Mimi nimezaliwa humu. Mche nikiufukia mimi, nani ataniuliza?”

“Na mimi nifanye nini? Nikushikie mwavuli?”

“Ukae ndani. Useme mgongo unauma.”

“Watasema Thobias kajificha kwenye khanga ya mkewe.”

“Waseme. Maneno hayachukui udongo. Maji ndiyo yanachukua.”

Alikataa. Mwaka mzima alikataa. Angeweza kukaa shimoni kutwa akabishana na jiwe, lakini kukaa ndani mkewe akimpandia miti, hilo lilimshinda. Mifenesi ya 1994 ingekuwa imeshampita mtu urefu.

Alikubali Oktoba 1997. Mama Eufrazia akapanda na binti zake, Editha na Upendo. Mzee Bartholomeo akapita, akasimama, akasema, “Dada, miche mizuri hiyo,” akaenda zake. Ikawa imekwisha. Marehemu aliyasikia hayo kupitia dirishani, mgongo hauumi hata kidogo, na Mama Eufrazia anasema alikaa kitandani akalia.

Mvua ya vuli hiyo haikukatika. Redio iliiita Elinino. Sisi hatukuwa na muda wa kuipa jina. Jumapili tarehe 7 Desemba 1997, watu wakiwa misani, mteremko wa Lugala ulishuka na miche yote, na jiko, na migomba ikiwa imesimama wima kama abiria. Hakufa mtu, kwa sababu tulikuwa tunaimba. Marehemu aliporudi alikuta ukuta mwekundu, na chini yake lile jiwe linang'aa kwa ulanga. Kila kitu kilikuwa kama alivyokieleza, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kumwambia hivyo. Mto wetu, ambao ndio maji ya Dar, ulikuwa mwekundu mpaka kwenye daraja. “Watu wa Dar wanakunywa shamba letu,” alisema, “na hawajui hata kulisifia.”

Lakini kilima hakikuwa kimemaliza. Juu ya palipokatika ulibaki ufa, unapita juu ya nyumba za ukoo, ya Mzee Bartholomeo ikiwemo. Kila mvua ikinyesha unafunguka. Mzee Thobias aliacha kulala vizuri. Alipita mlango kwa mlango akiomba watu wahamie bondeni, wakamjibu kwamba nanasi ziko karibu kuiva. Akaenda peke yake kuchimba mfereji wa kuyachepusha maji yasiingie kwenye ufa, akiwa na miaka sitini, mvua inampiga kifuani, akirudi ndani kubadili shati tu. Mwezi wa pili akaanza kukohoa. Ikawa nimonia. Barabara ilikuwa imekatwa na udongo, vijana wakambeba kwa machela mpaka palipopitika gari. Kila walipokanyaga tope aliwaambia ni la kutoka wapi, mpaka mmoja akamsihi, “Mjomba, leo tubebe tu.”

Alilazwa hospitalini Morogoro tarehe 2 Machi 1998. Siku chache kabla hajafariki, Mzee Bartholomeo alimfuata wodini, akavua kofia.

“Shemeji, ukoo umekaa. Mungu akikuita, tunakupa mahali Lugala. Utalala kwetu.”

Wenye kujua mila zetu wanajua uzito wa neno hilo. Mti unaweza kung'olewa ukarudishwa mlangoni. Kaburi la mtu asiye wa ukoo ukishalikubali, umemkubali kuwa wa ukoo milele. Miaka mitatu aliomba mche mmoja, sasa wanampa kaburi.

“Nashukuru mpaka sina la kusema,” alijibu. “Mahali gani?”

“Pale juu. Karibu na ulipotaka miti yako.”

“Juu ya ufa?”

“Juu kidogo.”

“Hapana, shemeji. Msichimbe. Shimo pale ni mdomo wa maji. Mtanizika leo, masika yatanileta mlangoni kwako, mimi na kilima chote.”

“Unakataa ardhi yetu?”

“Naikataa ili ibaki. Kama mnataka kunipa kitu, hamisheni watoto.”

“Masika yakipita, tutaongea.”

“Yakipita, utaongea na nani?”

Mzee Bartholomeo alivuta stuli. Alikaa naye mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, amemshika mkono. Mzee Thobias Kobelo alifariki dunia Jumatano tarehe 18 Machi 1998, alfajiri. Kwa maneno yake mwenyewe, anazikwa leo Ijumaa tarehe 20 Machi kwenye makaburi ya misheni, mahali pa tambarare, alipopapima mwenyewe akasema patafaa. Mama Eufrazia alitaka awe karibu naye. Mwishowe amekubali alale huku misheni.

Taratibu za msiba zinatutaka tusihame nyumbani mpaka matanga yaishe. Wazee wamesema hivyo, na ni kweli ndivyo tulivyokuta. Juzi mvua ilinyesha. Jana ilinyesha. Mfereji aliouchimba marehemu umejaa, na aliyekuwa akiuzibua ndiye huyu tunayemzika.

Mzee Thobias ameacha mjane, Mama Eufrazia, ambaye analala Lugala. Ameacha mtoto wake wa kwanza, Shukuru, na mkewe na watoto wao, Lugala. Editha, aliyeolewa Kingolwira, ambaye kwa ajili ya msiba huu analala Lugala na mtoto mchanga. Deogratias, mfanyakazi wa kiwanda mjini, aliyefika jana, Lugala. Upendo, mwanafunzi, Lugala. Ameacha shemeji yake, Mzee Bartholomeo, na ukoo wote, Lugala, chini ya ufa. Wageni waliotoka mbali wametandikiwa mikeka hukohuko.

Ee Bwana, umlaze Thobias mahali pasipo na mteremko. Na hawa wa Lugala, uwaamshe mapema.