Mbeyu Mwero, Aliyeona Seli Zikikoma Kugawanyika

Mbeyu binti Mwero, tunayemzika leo Jumanne tarehe 12 Agosti 1969 hapa Msambweni, alizaliwa mwaka 1928 katika kijiji kimoja cha Waduruma karibu na Kinango. Siku na mwezi havikuandikwa. Baba yake, Mzee Mwero, alikuwa mfugaji, na alichokumbuka ni kwamba mvua ilikuwa imechelewa na ng'ombe walikuwa mbali. Ni watoto wake wawili tu waliopona: Mbeyu, na Baya aliyezaliwa mwaka 1937. Mama yao alifariki kabla Baya hajaanza kutembea. Mbeyu, akiwa na miaka kumi, ndiye aliyembeba mgongoni na kumtafunia muhogo, na akaenda naye shuleni kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwachia.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwalimu alimkalisha karibu na mlango ili mtoto akilia atoke naye. Mwaka 1942 mwalimu huyo alimwambia Mzee Mwero kwamba aliyetoka darasani mara nyingi kuliko wote ndiye aliyeshika hesabu kuliko wote. Mwaka huohuo Mbeyu aliacha shule. Baya alipofikia umri wa kusoma, yeye aliendelea mpaka sekondari.

Mwaka 1946 marehemu aliolewa na Bwana Randu Chengo, seremala, na mwaka 1955 wakahamia Msambweni. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwezi wa Mei 1958 aliajiriwa kufagia katika kituo kidogo cha utafiti kilichokuwa katika nyumba ya kupanga, njia ya kwenda Munje. Kiliongozwa na Mwingereza aliyeitwa Daktari Hallam, aliyechunguza namna ubongo na mishipa ya fahamu inavyojengeka, kwa kutumia vifaranga ambao bado wamo ndani ya yai. Kazi ilikuwa imekwama. Mayai yalikuwa yamechanganyika na hakuna aliyejua yai lipi lina siku ngapi. Marehemu aliweka ufagio chini, akamwambia Daktari kwamba kwao wiki ina siku nne, kwaluka, kurimuka, kusha na jumwa, na kwamba angeweza kuweka kuku wanne, kila mmoja aatamie mayai aliyowekewa siku yake. Bwana Randu akatengeneza masanduku manne. Tangu hapo, kila asubuhi palikuwa na vifaranga wa umri wa namna nne, waliopishana siku moja moja.

Mayai aliyachagua mwenyewe sokoni Kombani. Aliinua kila yai juani na kuuliza limetagwa lini, na kuku yupi.

"Mbeyu wee, unanunua yai au unaposa?" Bi Esha, muuzaji, alimwuliza siku moja mbele ya watu.

"Naposa," akajibu. "Na huyu simtaki, ukoo wake siujui."

Daktari alimfundisha kukata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Alichokiona alikiandika katika daftari lenye jalada la kijani, kwa Kiswahili, siku nne zikiwa juu ya kila ukurasa kwa kifupi: K, R, S, J. Mshipa mkuu wa fahamu wa mgongoni huanza kama bomba dogo. Seli zake, alivyoandika, hazigawanyiki popote zipendapo: kila moja husogea ndani, ukingoni mwa uwazi wa bomba, na hapo ndipo hugawanyika kuwa mbili. Zinazotoka kwenda kukaa nje hazigawanyiki tena maisha. Alizihesabu kwa miaka mitano. Akaona kwamba upande wa tumbo hutulia kwanza, na upande wa mgongo huendelea kwa siku kadhaa zaidi. Kila sehemu ina siku yake ya kukoma. Chini ya mchoro wake bora aliandika swali: "Nani anaziambia imetosha?" Swali hilo aliliuliza jikoni, shambani, hata kanisani kwa sauti ya chini.

Mwaka 1960 alimwomba Daktari amwajiri Baya, na yeye mwenyewe akamfundisha kutazama. Baada ya uhuru Daktari Hallam alirudi kwao na kituo kikafungwa. Machi 1964 Baya alikuwa akienda Nairobi kuomba nafasi ya masomo ng'ambo.

"Dada, niazime daftari. Wiki moja tu, niwaonyeshe."

"Usiliache linyeshewe."

"Nisipolirudisha unikane."

"Nitakukanaje, nawe nimekufundisha kutembea?"

Baya alipata nafasi, akasafiri nalo.

Desemba 1967, Sidi, binti wa marehemu, alileta nyumbani nakala ya makala aliyoikuta maktabani chuoni Nairobi. Ilieleza seli za ukingoni, upande wa tumbo na upande wa mgongo, na siku za kukoma. Jina juu yake lilikuwa moja: Baya Mwero. Majedwali yalikuwa na herufi nne, K, R, S, J, bila maelezo yoyote. Marehemu aliweka kidole juu ya herufi hizo.

"Hawa ni kuku wangu," akasema.

Alimwandikia Baya barua tatu. Hakuomba ila daftari, na jina lake liandikwe kando ya la Baya. Jibu lilikuja moja: "Dada, ningeandika jina la mfagiaji, wangeirudisha makala." Marehemu aliikunja barua hiyo. Hakula siku ile, na tangu hapo hakuuliza tena swali lake jikoni.

Mwezi wa Septemba 1968 alipata uvimbe titini. Hospitalini alimwomba daktari kijana amwonyeshe kipande kilichokatwa. Yule kijana alicheka kidogo, kisha akampisha kwenye hadubini. Marehemu alitazama kwa muda mrefu. "Hizi hazikuambiwa," alisema, akaomba apelekwe nyumbani. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 1969, saa nne asubuhi, mikononi mwa mumewe.

Siku mbili kabla alizungumza na watoto wake kuhusu karatasi hii ya wasifu wake.

"Baya atakuja. Akija mpeni kiti, mpeni na maji. Lakini msimwandike ndugu."

"Tumwandike nani, mama?" aliuliza Mwinga, mwanawe mkubwa.

"Mwanafunzi. Ndugu hawezi kunifanyia hivi. Mwanafunzi hukosea, akasahihishwa."

Tumeandika alivyoagiza.

Marehemu ameacha mume, Bwana Randu Chengo. Watoto, Mwinga, Sidi na Rai. Mjukuu mmoja, Jumwa. Na mwanafunzi mmoja, Daktari Baya Mwero, ambaye yuko nasi hapa leo.

Mungu ampumzishe kwa amani Mbeyu binti Mwero, kwa jina lake kamili.